Kupima kujiamini kwa mwalimu wa michezo anayefundisha wanafunzi wenye ulemavu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yametoka kwa walimu wa michezo, walimu wakuu, wanachuo wanaoandaa tasnifu na wazazi wa Jiji la Tanga, kuanzia Pongwe hadi Raskazone. Mengi hurudiwa karibu kila semina. Nimeyaanza na yale ya msingi, na yale yanayoumiza kichwa nimeyaweka mwishoni. Pale jibu lilipokwisha kutolewa kwingine, nimetaja namba ya swali.

## Mambo ya msingi

1. Kujiamini kunakopimwa hapa ni kwa namna gani?

Ni ile hakika aliyo nayo mwalimu kwamba kazi fulani, katika mazingira fulani, anaiweza. Si ujasiri wa kusimama mbele za watu, wala si uchangamfu. Mwalimu anaweza kuwa msemaji hodari kwenye kikao cha wazazi, na bado akaishiwa maneno siku anapoletewa mtoto wa kiti mwendo dakika 5 kabla ya kipindi cha mpira wa wavu.

Aliyeweka msingi wa fikra hii ni mwanasaikolojia Albert Bandura, kwa makala yake ya mwaka 1977 na kitabu chake cha 1997. Alisisitiza jambo linalosahauliwa sana: hakika hiyo haiwi moja kwa kila kitu. Mwalimu yuleyule anaweza kuwa na hakika kubwa ya kumfundisha mwanafunzi kiziwi mbio za vijiti, na asiwe nayo hata chembe ya kumfundisha asiyeona kuruka chini. Kwa hiyo dodoso lenye swali moja tu, "Unajiamini kiasi gani kufundisha watoto wenye ulemavu?", limeharibika kabla halijajazwa.

2. Kwa nini tupime? Si tumwulize tu mwalimu anahitaji nini?

Mwulizeni, tena kwanza. Lakini jibu la haraka huwa ni vifaa. Ni jibu la kweli, maana shule nyingi zina mpira mmoja na kiwanja cha mchanga. Tatizo ni kwamba vifaa vikifika, mpira wenye kengele unaweza kukaa stoo mwaka mzima, kwa sababu aliyekabidhiwa hajui aupangeje mchezo wenye watoto 80 na mmoja wao asiyeona. Hilo hatalisema kwenye kikao. Kwenye karatasi isiyo na jina lake, yenye kauli mahususi za kujipima, atalisema kwa kuzungushia namba 2, yaani alama ya chini.

Ipo sababu nyingine. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unataka kwenye ibara ya 30 watoto wenye ulemavu washiriki michezo sawa na wenzao, na unautaja mfumo wa shule waziwazi. Mwaka 2010 tukapata na Sheria yetu ya Watu wenye Ulemavu. Haki hiyo hupita mikononi mwa mwalimu mmoja aliyesimama kiwanjani na filimbi, na kama mikono hiyo inasita, tunapaswa kujua inasita wapi.

3. Hili si jambo moja na mtazamo wa mwalimu kuhusu elimu jumuishi?

Hapana, ingawa watu huyachanganya kila siku. Mtazamo ni kama mwalimu anaona inafaa mtoto huyu awe kwenye kipindi. Kujiamini ni kama anaona yeye mwenyewe atamudu. Mtazamo una vipimo vyake, vikiwemo vile vilivyoanzishwa na Terry Rizzo wa Marekani kwa ajili ya walimu wa michezo.

Mwalimu mmoja wa huku Ngamiani aliniambia, "Mimi moyo ninao, Mungu shahidi. Njia ndiyo sina." Ukimpima mtazamo tu, atapata alama za juu nawe utarudi ofisini kuandika kwamba shule hiyo haina tatizo. Kilio chake kitabaki palepale.

4. Anayejiamini sana ndiye anayefundisha vizuri?

Si lazima. Kujiamini humfanya mtu ajaribu, avumilie jambo likigoma na arudi tena kesho. Asiye nako humweka mtoto pembeni atunze mabegi, basi. Kwa hiyo ni mlango wa kuingilia, ila ndani ya mlango lazima kuwe na maarifa.

Baadhi ya watoto wenye hali ya Down (ulemavu wa akili wa kuzaliwa nao), kwa mfano, viungo vya shingo zao huwa vimelegea, na kubingiria kwa kichwa kunaweza kuwadhuru mpaka daktari aseme vinginevyo. Mtoto mwenye kifafa akipelekwa kuogelea baharini anahitaji mtu mzima wa kumwangalia yeye tu, asiyempa kisogo hata dakika moja. Mwalimu anayejiamini bila kuyajua haya ananitia hofu kuliko anayesita. Ndiyo maana kipimo hiki kisitumike peke yake: kiambatane na kukaa kiwanjani na kumtazama mwalimu akifundisha.

5. Kujiamini huku kunatoka wapi?

Bandura alitaja chemchemi 4. Ya kwanza, na yenye nguvu kuliko zote, ni kufanya jambo lenyewe ukafanikiwa. Ya pili ni kumwona mtu wa kiwango chako akilifanya. Ya tatu ni kutiwa moyo na mtu unayemwamini. Ya nne ni namna mwili na hisia zinavyokuambia: moyo kwenda mbio na jasho la viganja huweza kusomwa kuwa "siwezi".

Ukiitazama orodha hiyo utaelewa kwa nini semina ya siku moja ukumbini, na picha ukutani, huwa haibadilishi alama kwa muda mrefu. Ni kufundishwa kuogelea ubaoni. Mafunzo yanayobadilisha alama ni yale ambayo mwalimu anatoka kwenda kiwanjani, anamwona mwenzake wa shule ya jirani akiendesha kipindi, kisha anaendesha cha kwake huku watoto wenyewe wapo.

## Vipimo vilivyopo

6. Kuna kipimo kilichokwisha kutengenezwa kwa walimu wa michezo?

Kipo. Kinachotajwa zaidi ni SE-PETE-D, kilichochapishwa mwaka 2013 na Martin Block, Yeshayahu Hutzler, Sharon Barak na Aija Klavina. Kilitengenezwa kwa ajili ya wanachuo wanaosomea ualimu wa michezo. Kimegawanywa katika sehemu 3: mwanafunzi mwenye ulemavu wa akili, mwenye ulemavu wa viungo, na mwenye ulemavu wa macho. Kila sehemu huanza na maelezo mafupi ya mwanafunzi mmoja, kisha yanafuata mambo ambayo mwalimu angepaswa kumfanyia, naye anasema ana hakika kiasi gani.

Nguvu yake iko kwenye hayo maelezo mafupi. Mwalimu hajibu kuhusu "walemavu" hewani, anajibu kuhusu mtoto mwenye umri fulani, anayeweza hili na asiyeweza lile. Mapungufu yake kwetu ni mawili: viziwi hawamo, na mazingira yaliyosimuliwa si ya kwetu (tazama swali la 8 na la 11).

7. Naweza kutumia kipimo cha walimu wa jumla?

Unaweza, ila ujue utakachokikosa. Kipimo cha elimu jumuishi cha Umesh Sharma, Tim Loreman na Chris Forlin, cha mwaka 2012, kina kauli 18 na ngazi 6 za kujibu, na kinagusa ufundishaji jumuishi, ushirikiano na wengine, na kudhibiti mwenendo wa wanafunzi. Kile cha Megan Tschannen-Moran na Anita Woolfolk Hoy cha mwaka 2001 kina kauli 24, na kifupi chake kina 12.

Vyote ni vya mwalimu aliye mbele ya madawati. Havijui jua la saa 8 mchana, mpira unaokuja kwa kasi, mtoto kuanguka, wala mtoto anayeona haya kuvua viatu mbele ya wenzake kwa sababu ya mguu wake. Kwa utafiti unaolinganisha masomo mbalimbali vinafaa. Kwa mwalimu wa michezo peke yake, mimi nisingevitegemea.

8. Tukileta kipimo cha nje hapa Tanga, tubadilishe nini?

Anzeni na ruhusa ya waliokitengeneza. Barua pepe ya kistaarabu mara nyingi hutosha.

Kisha lugha. Watu 2 wanaojua vizuri Kiswahili na kazi ya ualimu wafasiri kila mmoja kivyake, wakae walinganishe. Mtu wa tatu ambaye hajaiona nakala ya Kiingereza airudishe kwenye Kiingereza, ili ionekane wapi maana imepotea. Baada ya hapo kaeni na walimu wachache, mmoja mmoja, wasome kauli kwa sauti na waseme wanaelewa nini. Hatua hii ndiyo watu huiruka kwa kubanwa na muda, na ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote. Utasikia kauli uliyodhani ni nyepesi ikizua maswali: "Msaidizi wa darasa ndiye nani? Kwetu yupo?"

La tatu, na zito zaidi, ni mazingira. Maelezo yanayomweka mtoto kwenye ukumbi wa sakafu ya mbao, wenye mwalimu msaidizi na wanafunzi 25, hayamsemeshi mwalimu wa Makorora. Mtoto awekwe kwenye kiwanja chetu: mchanga, kisiki cha mnazi upande mmoja, njia ya wapita njia katikati, watoto 80, mpira mmoja. Michezo nayo iwe ile inayochezwa: mpira wa miguu, netiboli, rede, kuruka kamba, mbio za vijiti. Ukishabadilisha hivyo, usiandike kwenye ripoti kwamba umetumia kipimo cha asili kama kilivyo. Sema umekirekebisha, eleza wapi, na pima uthabiti wake upya (swali la 19).

## Kuandika kauli

9. Kauli nzuri inakuwaje?

Mwongozo wa Bandura wa mwaka 2006 kuhusu kutengeneza vipimo vya aina hii unasaidia sana. Kauli iulize "naweza", isiulize "nitafanya", kwa sababu nia na uwezo ni vitu viwili. Iulize uwezo wa leo, si wa baada ya mafunzo yajayo. Ibebe jambo moja tu. Na kauli zipande ugumu hatua kwa hatua, vinginevyo wote watajaza alama za juu nawe hutajua nani amekwama wapi.

Tuchukue mfano. Mwanafunzi wa darasa la tano haoni kabisa, anatembea kwa fimbo nyeupe, anapenda sana mpira lakini hajawahi kucheza na wenzake. Mwalimu anaulizwa ana hakika kiasi gani kwamba:

– naweza kumweleza kwa maneno, na kwa kumwongoza mkono akiridhia, namna ya kurusha mpira;

– naweza kumwandaa mwenzake akimbie naye mita 60 wakiwa wameshika kamba fupi;

– naweza kurekebisha rede ili acheze kwa kusikia, bila wenzake kuona mchezo umeharibiwa;

– naweza kumpa alama za haki kwenye zoezi la kuruka;

– naweza kuendesha kipindi kizima chenye wanafunzi 80, naye yumo tangu mwanzo mpaka mwisho.

Mwalimu huanza kuandika 9 juu ya 10 kwenye ya kwanza, akifika ya tatu kalamu inasimama, na ya mwisho anaiandikia 3. Hapo ndipo pa kuanzia mafunzo yake. Kauli mbaya ni kama hii: "Naweza kumfundisha, kumlinda na kushirikiana na wazazi wake." Mwalimu anayeweza la kwanza na asiyeweza la tatu atajibu nini?

10. Tutumie 1 hadi 5, au 0 hadi 100?

Bandura alipendekeza 0 hadi 100 kwa kupanda 10, au 0 hadi 10, kwa hoja kwamba ngazi chache huficha tofauti kati ya watu. SE-PETE-D hutumia ngazi 5. Mimi napendelea 0 hadi 10 kwa walimu wetu, maana kutoa alama juu ya 10 ni kazi yao ya kila siku na hawahitaji kuelezwa 7 ina maana gani.

Vyovyote mtakavyochagua, wekeni zoezi la kujipima kwanza. Mwongozo wa Bandura (swali la 9) hutumia mfano wa kunyanyua mizigo. Hapa mwambie mwalimu aandike ana hakika kiasi gani ya kubeba ndoo ya lita 10 kutoka bombani hadi jikoni, kisha ya lita 20, kisha ndoo mbili za lita 20 kwa mara moja. Anaelewa papo hapo kwamba namba zinapaswa kushuka kazi ikizidi, na kwamba kuandika 2 si aibu.

11. Ulemavu upi uwemo?

Ule walio nao watoto wa shule zenu. Kwa Tanga singeacha watano: wasioona na wenye uoni hafifu, viziwi, wenye ulemavu wa viungo, wenye ulemavu wa akili, na wenye ualbino.

Wenye ualbino huachwa kwa sababu vipimo vya nje havina sehemu yao, na pia kwa sababu watu husema mtoto huyo "anaweza kila kitu". Anaweza, ila uoni wake mara nyingi ni hafifu na jua la pwani linamuunguza. Mwalimu anayejua huhamishia kipindi saa 1:30 asubuhi au chini ya kivuli cha mwembe, huhakikisha kofia pana na mikono mirefu, na hutumia mpira wa rangi inayotofautiana na mchanga. Kauli ya kumpima ni hii: "Naweza kupanga kipindi ili acheze muda wote bila kuungua na bila kutengwa."

Viziwi nao wana jambo lao. Filimbi haiwafikii. Je, mwalimu ana hakika ya kusimamisha mchezo kwa kupeperusha kitambaa, na ya kueleza sheria ya mchezo kwa lugha ya alama au kwa kuonyesha? Hizo ni kauli mbili, si moja.

12. Kauli ziwe ngapi?

Mwalimu amalize kabla chai ya mapumziko haijapoa. Kauli 5 hadi 8 kwa kila aina ya ulemavu zinatosha. Mkiwa na aina 5 na karatasi ikawa ndefu, gaweni mara 2.

## Kukusanya majibu

13. Nahitaji vibali gani?

Mwanachuo huanza na barua ya chuo chake, ipelekwe ofisi ya Katibu Tawala wa Mkoa, ishuke kwa Mkurugenzi wa Jiji na idara ya elimu, ndipo uende kwa mwalimu mkuu. Usianzie shuleni hata kama mwalimu mkuu ni shangazi yako. Mtafiti kutoka nje ya nchi anahitaji pia kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia.

Baada ya karatasi zote hizo, mwalimu mwenyewe bado ana haki ya kukataa. Barua ya mkoa inakuruhusu kuuliza, haimlazimishi yeye kujibu. Kumbuka pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022: kusanya unachokihitaji tu, na ukihifadhi vizuri.

14. Mwalimu aandike jina?

Hapana. Kama utampima kabla na baada ya mafunzo, mwache ajitungie alama ya siri, mfano herufi mbili za jina la mama yake na tarehe yake ya kuzaliwa, ili karatasi mbili zikutane bila wewe kujua ni nani. Angalia pia maswali ya utangulizi. Kwenye shule yenye mwalimu wa michezo mmoja mwanamke, ukiuliza shule, jinsia na miaka ya kazi, umeshamtaja jina.

15. Walimu wote wamejipa 9 na 10. Tufanyeje?

Kabla hujafurahi, jiulize nani alikuwa chumbani. Kama mwalimu mkuu ndiye aliyegawa na kukusanya, au kama walidhani wewe ni wa uthibiti ubora wa shule, alama hizo zimesema kuhusu hofu, si kuhusu kufundisha. Gawa mwenyewe, eleza kwamba hakuna ripoti ya mtu mmoja mmoja, na weka sanduku la kutumbukiza karatasi zilizokunjwa. Kichwa cha dodoso kiwe cha kawaida, kama "Maoni ya walimu kuhusu vipindi vya michezo". Bandura naye alishauri kutoandika wazi juu ya karatasi kwamba kinachopimwa ni kujiamini.

Ukishayafanya hayo na alama bado ziko juu, basi kauli zako ni nyepesi. Rudi swali la 9 uongeze ngazi za ugumu.

16. Karatasi au simu?

Karatasi kwa shule moja moja. Kwa shule nyingi, dodoso la mtandaoni kama KoboToolbox au Google Forms hurahisisha, ila kiungo usikitupe kwenye kundi la WhatsApp la walimu ambalo ofisa elimu kata yumo. Mtumie kila mmoja pembeni.

17. Shule yetu haina mwalimu aliyesomea michezo. Tumpime nani?

Yule anayeingia kiwanjani na watoto, hata kama ni mwalimu wa Hisabati aliyepewa kipindi cha Sanaa na Michezo kwa kuwa ni kijana. Yeye ndiye anayekutana na mtoto. Kwenye utangulizi muulize tu kama amepitia mafunzo yoyote: ya michezo, kama yanayotolewa chuo cha Malya, au ya elimu maalumu, kama yale ya chuo cha ualimu cha Patandi, au ualimu wa kawaida. Muulize pia kama amewahi kuwa na mwanafunzi mwenye ulemavu kwenye kipindi chake. Mara nyingi majibu ya maswali hayo mawili ndiyo yatakayoeleza alama zake.

## Kusoma majibu

18. Wastani wa shule ni 6. Ni mzuri au mbaya?

Wastani huo haujakwambia kitu. Mwalimu mwenye 6 kila mahali na mwalimu mwenye 10 kwa viziwi na 2 kwa wasioona wote wana wastani wa 6, lakini wa pili anahitaji msaada wa jambo moja tu, tena anaweza kumfundisha wa kwanza kuhusu viziwi. Soma kwa aina ya ulemavu, kisha kwa kauli. Na hakuna alama ya kufaulu. Anayekwambia chini ya 7 ni kufeli ameitunga mwenyewe.

19. Msimamizi wangu anadai alfa ya Cronbach. Ni nini, na inatosha?

Ni namba, iliyopewa umaarufu na Lee Cronbach mwaka 1951, inayoonyesha kama kauli za kundi moja zinakwenda pamoja. Wengi hukubali kuanzia 0.70. Ikokotoe kwa kila sehemu peke yake, si kwa dodoso zima. Ikizidi 0.95 usishangilie, huenda umeuliza jambo moja kwa maneno tofauti.

Haitoshi. Inasema kuhusu uthabiti, haisemi kama unapima unachodhani unapima. Kwa uhalali unahitaji wataalamu waipitie, wakiwemo watu wenye ulemavu wenyewe, mazungumzo na walimu yaliyoelezwa kwenye swali la 8, na kulinganisha alama na kinachoonekana kiwanjani.

20. Baada ya mafunzo alama zimeshuka. Tumewaharibu walimu?

Swali hili huulizwa kwa huzuni, na mara nyingi ni habari njema. Kabla ya mafunzo mwalimu aliandika 8 kwa sababu alidhani kumshirikisha mtoto wa kiti mwendo ni kumsukuma pembezoni mwa uwanja. Baada ya kuona kipindi halisi ameelewa kazi yenyewe ni ipi, na sasa anajipa 5. Kipimo chake cha ndani ndicho kilichobadilika.

Dawa yake ni kuongeza safu moja mwishoni: "Kwa unavyojua sasa, kabla ya mafunzo ulistahili alama ngapi?" Yule wa 8 ataandika 2, na utaona amepanda kutoka 2 hadi 5. Safu hiyo nayo ina udhaifu wake, maana mtu hupenda kuona amekua. Itumie sambamba na ile ya kwanza, na upime tena baada ya muhula mmoja wa kufundisha. Tanga ni waja leo waondoka leo, na uhamisho wa walimu utakupunguzia watu, kwa hiyo anza na wengi kuliko unaowahitaji.

21. Nina walimu 23 tu. Naweza kufanya uchambuzi wa vipengele?

Hapana. Uchambuzi huo, ambao hutafuta kwa hesabu makundi ya kauli zinazokwenda pamoja, hutaka watu wengi, na watafiti wengi hawaanzi chini ya 200. Kwa 23, onyesha alama za kila sehemu, tofauti ya kabla na baada, na mahojiano ya kina. Tasnifu iliyowasikiliza walimu 23 kwa makini ina thamani kuliko jedwali kubwa lisilosimama.

## Maswali magumu

22. Mwalimu hajawahi kufundisha mtoto mwenye ulemavu. Majibu yake yana maana?

Yana maana, ila ni ya kukisia. Usiyatupe, yatenganishe. Huwa yanaangukia pande mbili: wanaojipa kidogo sana kwa woga, na wanaojipa nyingi kwa kutojua. Kundi la pili ndilo ninaloliwahi kwanza, kwa sababu zilizo kwenye swali la 4.

23. Na kama mwalimu mwenyewe ana ulemavu?

Apewe dodoso lilelile, kwa namna anayoweza kulijaza: nukta nundu, maandishi makubwa, faili la kusomwa na simu, au mkalimani wa lugha ya alama. Kabla ya hapo, mwalikeni mezani mnapoandika kauli. Mwalimu mwenye uoni hafifu alipoipitia rasimu moja aliuliza kwa nini kauli zote zilimwonyesha mtoto akisaidiwa, na hakuna hata moja inayomfanya nahodha. Tukaongeza: "Naweza kumpa nafasi ya kuongoza timu." Ikawa miongoni mwa kauli zilizopata alama za chini kabisa.

24. Mimi ni mwalimu mkuu. Naweza kutumia alama hizi kwenye PEPMIS, mfumo wa kielektroniki wa kutathmini utendaji wa watumishi wa umma?

Tafadhali usifanye hivyo, Mwalimu Mkuu. Siku walimu watakapojua kwamba 3 waliyoandika kwa ukweli imewarudia kwenye tathmini, hutapata tena 3 shuleni kwako, utapata 10 tupu, na mtoto atabaki anatunza mabegi. Unachostahili kupata ni picha ya shule nzima: wapi walimu wako wamekwama. Kama una walimu 2 tu wa michezo, hata picha hiyo itawafichua, basi ichanganywe na za shule za kata nzima.

Usizitumie pia kumwondolea mtoto mwalimu. Alama ndogo ni sababu ya kumpa mwalimu huyo mwenzake wa kufundisha naye, au kumpeleka shule yenye kitengo cha elimu maalumu akae siku nzima.

25. Mimi ni mzazi. Mwanangu hukaa benchi kila kipindi cha michezo. Naweza kuomba matokeo ya mwalimu wake?

Matokeo ya mwalimu mmoja hutapewa, na swali la 14 linaeleza kwa nini. Lakini huhitaji namba hizo ili umsaidie mwanao. Nenda kwa mwalimu wa michezo baada ya vipindi, msalimie, na umweleze mambo ambayo dodoso haliwezi kumweleza: mtoto anapenda mchezo gani nyumbani, anachoka baada ya muda gani, anashikwaje anapoinuliwa, dawa anazotumia, daktari amekataza nini na hakukataza nini. Kisha muulize, "Mwalimu, wiki ijayo kuna sehemu gani moja ya kipindi ambayo anaweza kuwemo?"

Omba sehemu moja, usiombe kipindi kizima. Akiifanikisha hiyo, rudi wiki inayofuata uombe ya pili. Ukijibiwa mara tatu mfululizo kwamba hakuna, muone mwalimu mkuu, kisha ofisa elimu kata, ukiwa na tarehe za vipindi ambavyo mtoto hakushiriki umeziandika kwenye daftari.